Je, Wajua? Neno la Kimakonde Lililoizunguka Dunia

Mtajie "chikungunya" muuguzi wa Rio de Janeiro, dereva wa teksi wa Chennai au mama muuza samaki wa kisiwa cha Réunion. Hakuna atakayeomba tafsiri. Mmoja atashika goti, mwingine atatazama vidole vyake akikumbuka miezi ambayo havikuweza hata kufunga kifungo cha shati. Sasa waulize neno lenyewe limetoka wapi. Wengi watasema Afrika na kuishia hapo. Aliyesoma kidogo atasema ni Kiswahili, maana ndivyo ilivyoandikwa huko kwao mara nyingi.

Hapo ndipo mtu wa Newala anapopaswa kunyoosha mkono aombe kusema.

Je, wajua chikungunya si Kiswahili?

Ni Kimakonde. Shina lake ni kitenzi kungunyala, yaani kujikunja, kupindika. Hiyo chi- ya mwanzo ni ndugu wa ki- yetu: sisi tunasema Kimakonde, wenyewe husema Chimakonde. Kama jina lingezaliwa kwa Waswahili, leo dunia ingekuwa inalalamikia "kikungunya". Kwa ufupi, chikungunya ni kile kinachomkunja mtu.

Na kweli kinamkunja. Homa hupanda kwa ghafla, kichwa kinagonga, vipele hutokea, kisha viungo vinashikwa: vifundo vya miguu, magoti, viwiko, viganja, vidole. Mgonjwa akijaribu kusimama hanyooki. Anatembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Homa hupungua baada ya siku chache, ila maumivu ya viungo yanaweza kukaa wiki, miezi, na kwa wengine miaka. Waliolitamka neno hili mara ya kwanza hawakukaa kikao cha kubuni istilahi. Walieleza walichokiona mlangoni kwa jirani.

Hata asiyejua Kimakonde sikio lake linadaka kitu. Tunayo kunja, tunayo kujikunyata, tunayo makunyanzi. Si lazima maneno hayo yawe ya tumbo moja na kungunyala, lakini Mswahili akilisikia hashangai sana. Mwenye masikio ya Kiingereza ndiye aliyepata taabu: wapo waliosikia "chicken", kuku wa Kiingereza, mwanzoni mwa jina, na India baadhi ya watu wakaanza kuogopa kula kuku. Kuku hana hatia yoyote katika kesi hii.

Je, wajua yote yalianza kuandikwa kutokana na mlipuko wa 1952?

Ukitoka Masasi, mji uliozungukwa na vilima vya mawe vilivyosimama peke yake kama vichwa vya watu, ukaelekea mashariki, barabara inapanda hadi uwanda wa juu wa Makonde. Newala imekaa ukingoni mwake. Pale kwenye genge wanapopaita Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla, na chini kule bonde linakwenda hadi Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji.

Mwaka 1952 na 1953, wakati Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza na eneo hili likiitwa Jimbo la Kusini, homa moja ilipita uwandani kijiji baada ya kijiji. Ilikuja kwa ghafla na kuangusha watu wengi kwa wakati mmoja. Madaktari waliona dalili wakafikiri ni denge, ile homa ambayo Kiswahili kinaiita kidingapopo. Mwaka 1955 jarida la chama cha tiba ya nchi za joto la London lilichapisha makala mbili zilizofuatana: ya kwanza ya Marion Robinson, iliyoeleza wagonjwa walivyoumwa, na ya pili ya W.H.R. Lumsden, iliyoeleza ugonjwa ulivyoenea. Mwaka uliofuata R.W. Ross akatoa ya tatu kuhusu kirusi chenyewe, ambacho kilikuwa kimepatikana mwaka 1953 katika damu ya wagonjwa wa Newala. Kazi hiyo ilitegemea taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, ileile ambayo mwaka 1947 ilikuwa imekipata kirusi cha Zika katika msitu wa Zika, jirani tu na Entebbe.

Kirusi cha Newala kilipochunguzwa kikaonekana si cha denge hata kidogo. Ni cha kundi jingine kabisa. Kilihitaji jina, na watafiti wale wakafanya jambo ambalo mimi nawapa heko hadi leo: hawakukipa jina la daktari wala la wilaya. Walichukua neno walilolikuta vinywani mwa wagonjwa. Mbegu za kirusi kile cha 1953, moja iitwayo Ross na nyingine iitwayo S27, zingali zinatumika katika maabara za nchi nyingi kama kipimo cha kulinganishia virusi vipya. Kwa maneno mengine, mtu mmoja wa uwandani aliyetolewa damu akiwa kitandani, ambaye jina lake halimo vitabuni, damu yake imesafiri kuliko sisi wote.

Je, wajua mtungi wa maji ndio uliofungua mlango?

Sehemu hii ndiyo inayonisisimua kuliko zote.

Uwanda wa Makonde hauna mito. Udongo wake ni wa kichanga. Mvua inanyesha, maji yanazama, basi. Kwa vizazi na vizazi wanawake walishuka mabondeni alfajiri na kupanda genge na maji kichwani. Maji yaliyopatikana kwa jasho namna hiyo hayamwagwi. Yanawekwa ndani, kwenye mitungi na vyombo vya kila aina, na yanatumiwa kwa kuhesabu.

Sasa mjue mbu aina ya Aedes aegypti. Huyu si mbu wa malaria anayevizia usiku. Anauma mchana, miguu yake ina pete nyeupe, na hapendi madimbwi machafu ya porini. Anapenda maji safi yaliyotulia ndani ya chombo, karibu na watu. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri kuloweshwa tena. Mtungi wa mama wa Kimakonde ulikuwa nyumba aliyojengewa bila kuomba.

Sasa sikiliza kinyume chake. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala akikusanya habari za watu wa kusini. Alijiuliza kwa nini Wamakonde wanaishi juu kusiko na maji ilhali mabonde yapo. Akasimuliwa hadithi ya asili yao. Mtu wa kwanza, aliyeishi porini peke yake, alichonga sanamu ya mti akaisimamisha. Ikageuka kuwa mwanamke. Walipokuwa karibu na Ruvuma mtoto wao wa kwanza alizaliwa mfu. Wakasogea juu kidogo. Wa pili naye akafa. Wakapanda hadi uwandani, na wa tatu akaishi. Tangu hapo ikawa mwiko kukaa mabondeni na karibu na maji makubwa, kwa sababu huko kuna maradhi.

Wazee wale hawakukosea: mabonde yenye maji yalikuwa na malaria na mengine ya kumaliza watoto. Waliyakimbia maji, wakapona la mbu wa usiku. Ila binadamu haishi bila maji, ikabidi wayabebe hadi nyumbani, na mbu wa mchana akayafuata humohumo mtungini. Mradi mkubwa wa maji wa Makonde, wa kuyasukuma kwa mitambo kutoka mabondeni, ulianza katika miaka hiyohiyo ya 1950.

Je, wajua huenda ugonjwa huu uliwahi kuwa na jina la Kiswahili, ukanyang'anywa?

Tuhamie Zanzibar, mwaka 1870. Homa ya kukakamaza viungo inaupiga mji. Daktari Mskoti, James Christie, anawatibu watu na kuandika anachosikia. Wenyeji wanaiita kidinga pepo, na wazee wanamwambia wanaijua: ilikuja walipokuwa vijana, karibu miaka hamsini nyuma. Hesabu ya Christie iliangukia mwaka 1823 hivi. Mwaka 1872 akaandika makala katika jarida la madaktari wa Uingereza yenye jina hilohilo la Kiswahili kwenye kichwa chake.

Kumbuka tarehe ya 1823. Miaka minne, mitano baadaye, 1827 na 1828, homa ya namna hiyo ilizuka visiwa vya Karibi, ambako watu wengi walikuwa wamepelekwa kama watumwa kutoka Afrika. Kule Waingereza wakaiita dandy, neno lao la mtu anayejidai kwa mavazi na mwendo. Wahispania wa Cuba wakasema dengue, neno lao la madaha na maringo, maana mgonjwa alitembea amejikaza kama anayeringa. Maelezo yanayokubaliwa na wengi, na Christie ndiye aliyeyapigia debe, ni kwamba chini ya maneno hayo yote mawili kuna dinga ya Waswahili iliyovuka bahari na kuvalishwa nguo za kigeni. Leo dengue ni jina la kitaalamu duniani kote, nasi tumelipokea tena nyumbani kama "denge" tukidhani ni mgeni.

Halafu mwaka 1971 mtafiti Mmarekani, Donald Carey, akachukua maelezo ya zamani na kuyasoma upya. Alichokiona ni viungo. Wagonjwa wa Zanzibar hawakuumwa mwili tu. Waliachwa na viungo vinavyouma kwa muda mrefu, jambo ambalo denge haifanyi kwa kawaida na chikungunya ndiyo desturi yake. Hitimisho lake: kidinga pepo ya 1823 na 1870 ilikuwa chikungunya. Jina lilitoka Unguja likiwa la ugonjwa mmoja, huko njiani likashikwa na ugonjwa mwingine, na virusi vilipoanza kutenganishwa maabara katika miaka ya 1940, kile kingine ndicho kilichosajiliwa kwa jina hilo. Mwenye jina akabaki bila jina. Alipojitokeza Newala mwaka 1952, Wamakonde wakampa la pili.

Hoja ya Carey haijawahi kunipa shida kuiamini. Watu wa pwani na watu wa uwandani, wasiojuana, waliutazama mwili uleule uliopinda na kila mmoja akausema kwa lugha yake.

Na pepo alikwenda wapi? Fungua kamusi ya leo utakuta kidingapopo. Pepo amegeuka popo. Huenda ni kosa la masikio tu, lakini popo wa watu naye ameingizwa kwenye shauri lisilomhusu, kama kuku wa India.

Je, wajua neno lililotulia Newala lilisafiri tena kupitia Lamu?

Kwa miaka mingi baada ya 1953 chikungunya ilizuka hapa na pale, Afrika na Asia. Mwaka 2004 ikazuka Lamu. Ilikuwa wakati wa ukame, watu walikuwa wakihifadhi maji majumbani, na visa vinafanana na vya uwandani kiasi cha kutisha. Uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa, takriban watu 13,500. Kutoka hapo ikaenda Mombasa, ikavuka hadi Ngazija mwaka 2005, kisha Réunion, ambako kati ya 2005 na 2006 zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliugua, watu wapatao 266,000. Huko Réunion kirusi kikabadilika kidogo, badiliko la herufi moja tu katika maumbile yake, na badiliko hilo likakiwezesha kukaa vizuri ndani ya mbu mwingine, Aedes albopictus, ambaye huvumilia baridi. Mwaka 2006 India ikahesabu zaidi ya watu milioni 1.3 walioshukiwa kuugua. Mwaka 2007 vijiji vya karibu na Ravenna, Italia, vikapata wagonjwa zaidi ya 200. Desemba 2013 ikafika Saint-Martin katika Karibi, na ndani ya mwaka mmoja Amerika zikawa na wagonjwa zaidi ya milioni moja wa kushukiwa.

Wanahistoria wa tiba wakakumbushana: si mara ya kwanza. Kama Carey yuko sahihi, ilikuwa inarudi Karibi baada ya miaka 185.

Je, inaua? Mara chache. Réunion iliandika vyeti vya kifo zaidi ya 200 vilivyoutaja, wengi wazee na watu waliokuwa na maradhi mengine. Yenye kuua kwa mkupuo ni mengine, na majina yake nayo yana habari.

Je, wajua tauni ni mchomo?

Neno lilitujia kutoka Kiarabu, ta'un, na mzizi wake ni kuchoma kwa kitu chenye ncha, kama mkuki. Mgonjwa wa tauni hupigwa bila kumwona aliyempiga. Si habari za kale tu: Lushoto ilisumbuliwa na tauni mwaka baada ya mwaka kuanzia 1980. Waba nalo ni la Kiarabu. Huko kwao ni gonjwa lolote la mlipuko, kwetu likabanwa likawa jina la kipindupindu.

Na kipindupindu? Hapo hakuna haja ya Mwarabu. Ndani yake unasikia pinda na pindua, zikirudiwa kama tumbo linavyorudia. Mwenye kipindupindu hukaukiwa maji hadi misuli inamkaza na kumpinda. Christie yuleyule wa kidinga pepo alikuwapo Zanzibar kipindupindu kilipoingia 1869, na mwaka 1876 alitoa kitabu kizima kuhusu njia zake Afrika Mashariki. Mwaka huohuo wa 1876 Askofu Edward Steere aliwafikisha Masasi watumwa walioachiwa huru na kuanzisha kituo cha misheni. Ni sadfa tu, lakini huyo Steere ndiye aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Zanzibar, kwa hiyo naona haki kumtaja penye mambo ya maneno.

Je, wajua chikungunya ina ndugu wa damu Uganda?

Mwaka 1959 homa ya viungo ilizuka kaskazini mwa Uganda na katika miaka mitatu ikawapata watu wapatao milioni mbili Afrika Mashariki. Kirusi chake ni jamaa wa karibu sana wa cha Newala, ila huyu husambazwa na mbu wa malaria. Waacholi waliiita o'nyong'nyong, yaani udhaifu wa viungo. Jirani hakumwiga jirani. Maumivu ndiyo yaliyosema.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali, watu wala wanyama, bali ya dalili. Chikungunya imeutimiza mwongozo huo miaka 60 kabla haujaandikwa.

Je, wajua kusini ilipata jina jingine juzijuzi?

Julai 2022, wilayani Ruangwa, Lindi, si mbali na Masasi, watu walianza kuugua homa na kutokwa damu puani. Wagonjwa 20, watatu wakafariki. Uvumi ulikwenda kasi kuliko gari la maabara. Wizara ya Afya ilipotangaza majibu ilikuwa ni leptospirosisi, bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, na Kiswahili chake kikawa homa ya mgunda. Mgunda ni shamba. Jina zuri, la wakulima, linalokwambia unapoipata.

Na moja la kucheka. Februari 2025 Marekani iliidhinisha chanjo mojawapo ya chikungunya yenye jina la kibiashara Vimkunya. Inaonekana waliolibuni walikata mkia wa neno la Newala wakaubandika kwenye chupa, na ni dhahiri hakuna Mswahili aliyeulizwa. Tuwatetee kidogo: kitenzi kunya, mbali na kazi yake ya chooni, Kiswahili hukitumia pia kwa mvua.

Aliyekuwa na miaka kumi Newala mwaka 1952 leo amepita themanini. Kama una bibi au babu uwandani, au Masasi, au Tandahimba, mkalie karibu umwulize homa ile waliitajaje majumbani, nani aliugua kwanza, na nani alikwenda kuteka maji wakati wote wamelala. Mwandike kwa Kimakonde chake, kisha umfunikie pipa la maji.